Kutatua milinganyo miwili yenye herufi mbili: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Chukua mlinganyo x + y = 10. Je, x ni ngapi? Inaweza kuwa 4 na y ikawa 6. Inaweza kuwa 9 na 1, au 2.5 na 7.5, au hata −3 na 13. Jozi zinazokubalika hazina idadi. Sasa ongeza sharti la pili: x − y = 4. Jozi zote zinaanguka isipokuwa moja tu, x = 7 na y = 3. Kazi yetu hapa ni hiyo: kutafuta jozi inayotimiza milinganyo yote miwili kwa mpigo.

Wanafunzi wengi hukariri njia za kutatua kana kwamba kila moja ni somo lake. Zote zinafanya jambo lilelile: zinaiondoa herufi moja ili ubaki na mlinganyo wa herufi moja, ambao tayari unaumudu. Kwa hiyo, kabla kalamu haijagusa karatasi, jiulize ni herufi ipi inayoondoka bila usumbufu. Sekunde chache za kutazama hapo huokoa nusu ukurasa wa hesabu.

Mwongozo huu unahusu milinganyo ya mstari pekee, yaani ile ambayo x na y hazina kipeo (hakuna x²), hazijazidishwa zenyewe kwa zenyewe (hakuna xy), wala hazijakaa chini ya mstari wa sehemu.

Panga kwanza

Mara nyingi milinganyo hufika ikiwa imevurugika: mabano huku, sehemu kule, herufi pande zote mbili. Usianze kutatua katika hali hiyo. Ilete kwanza kwenye umbo hili: herufi zote kushoto, x chini ya x, y chini ya y, na namba tupu kulia.

Tuseme umepewa:

x/2 + y/3 = 4
2(x − 1) = 3(y − 4)

Katika mlinganyo wa kwanza, asili ni 2 na 3, na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) ni 6. Zidisha kila kitu kwa 6, pamoja na ile 4 ya kulia:

3x + 2y = 24

Katika wa pili, fungua mabano: 2x − 2 = 3y − 12. Hamisha 3y kushoto na −2 kulia, kila kimoja kikibadili alama kinapovuka:

2x − 3y = −10

Sasa una jozi safi. Desimali nazo zisafishe vivyo hivyo: 0.3x + 0.2y = 1.3 ikizidishwa kwa 10 inakuwa 3x + 2y = 13. Jozi hii tuliyoisafisha tutaitatua baadaye kidogo.

Njia ya kuweka badala

Itumie pale herufi mojawapo inaposimama bila namba mbele yake, yaani x au y tupu, au −x au −y. Mfano:

5x + y = 7 ……(i)
3x − 2y = 12 ……(ii)

Hatua ya kwanza: y katika (i) iko peke yake, basi itenge.

y = 7 − 5x

Hatua ya pili: nenda kwenye mlinganyo (ii), na kila unapoona y andika (7 − 5x). Mabano hayo usiyaruke kamwe:

3x − 2(7 − 5x) = 12

Hatua ya tatu: fungua mabano. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. −2 mara 7 ni −14, na −2 mara −5x ni +10x, si −10x:

3x − 14 + 10x = 12
13x = 26
x = 2

Hatua ya nne: rudi kwenye ile y uliyoitenga. y = 7 − 5(2) = −3.

Hatua ya tano: hakiki katika milinganyo yote miwili. Katika (i): 10 − 3 = 7, sawa. Katika (ii): 6 + 6 = 12, sawa. Kuhakiki katika mmoja pekee hakutoshi. Aliyekosea kufungua mabano akapata x = −26/7 bado atapata y kutoka (i), na jozi yake itaikubali (i) bila tatizo. Mlinganyo (ii) ndio utakaomkataa.

Kuna mtego mmoja katika njia hii. Ukiitenga y kutoka (i) kisha ukairudisha humo humo ndani ya (i), utapata 5x + 7 − 5x = 7, yaani 7 = 7. Hujakosea hesabu, ila hujapata kitu, kwa sababu mlinganyo umejirudia wenyewe. Kilichotengwa katika mmoja kipelekwe kwa mwenzake.

Kama hakuna herufi iliyo peke yake, njia hii inaanza kuzaa sehemu. Kutenga x katika 4x + 3y = 10 kunakupa x = (10 − 3y)/4, na kuanzia hapo unaburuta asili 4 hadi mwisho. Jibu litapatikana, lakini mimi katika hali hiyo nahamia njia inayofuata bila kusita.

Njia ya kuondoa

Tumia jozi hii:

4x + 3y = 10 ……(i)
6x − 5y = 34 ……(ii)

Wazo ni kuzifanya namba zilizo mbele ya herufi moja zilingane, kisha kuijumlisha au kuitoa milinganyo ili herufi hiyo ipotee. Lakini kwa nini tunaruhusiwa kujumlisha milinganyo? Kwa sababu 6x − 5y na 34 ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili. Ukiongeza 6x − 5y upande wa kushoto wa (i) na 34 upande wake wa kulia, umeongeza kiasi kilekile pande zote mbili, na usawa haukuvunjika.

Tuiondoe x. KDS ya 4 na 6 ni 12, kwa hiyo (i) izidishwe kwa 3 na (ii) kwa 2:

12x + 9y = 30
12x − 10y = 68

Toa wa chini kutoka wa juu:

9y − (−10y) = 30 − 68
19y = −38
y = −2

Tazama kwa makini mstari wa 9y − (−10y). Anayefanya haraka huandika 9y − 10y, akapata −y = −38, na kuanzia hapo kila kitu ni batili. Kutoa mlinganyo mzima maana yake ni kubadili alama ya kila kipande cha mlinganyo huo, na akili ikichoka husahau kimoja. Dawa yake ni rahisi: usitoe kamwe. Zidisha mlinganyo mmoja kwa namba hasi, kisha jumlisha. Hapa (ii) tungeizidisha kwa −2:

12x + 9y = 30
−12x + 10y = −68

Ukijumlisha unapata 19y = −38 moja kwa moja, na alama zote umezishughulikia mara moja, wakati wa kuzidisha, ukiwa umetulia.

Au ungeweza kuiondoa y tangu mwanzo. Mbele yake kuna +3 na −5, alama tayari zinapingana. (i) kwa 5 na (ii) kwa 3:

20x + 15y = 50
18x − 15y = 102

Jumlisha: 38x = 152, x = 4. Namba zimekuwa kubwa zaidi, lakini hakuna alama ya kuchezea. Kati ya namba ndogo zenye alama zinazofanana na namba kubwa zenye alama zinazopingana, mimi huchagua kubwa. Kuzidisha 34 kwa 3 si kazi. Hatari iko kwenye hasi iliyosahauliwa.

Tatizo hilo la alama ni la zamani sana. Wachina walikuwa wakiondoa visivyojulikana kwa namna hii karibu miaka 2,000 iliyopita, wakipanga vijiti vya kuhesabia kwa safu. Mwanahisabati Liu Hui, aliyeandika mwaka 263, anaeleza matumizi ya vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa hasi. Kalamu ya rangi ya pili kwa ajili ya hasi bado inamfaa mwanafunzi anayeanza.

Turudi kwenye hesabu. Ukiwa na y = −2, iweke katika mlinganyo wenye namba ndogo, hapa (i): 4x − 6 = 10, hivyo x = 4. Hakiki katika (ii): 24 + 10 = 34. Imekubali.

Kosa jingine linalorudi kila mara ni kuzidisha upande wa kushoto na kuusahau wa kulia, yaani kuandika 12x + 9y = 10. Ukizidisha mlinganyo, hakuna kinachobaki nyuma.

Na ile jozi tuliyoisafisha juu? 3x + 2y = 24 na 2x − 3y = −10. Alama za y zinapingana, basi zidisha ya kwanza kwa 3 na ya pili kwa 2: 9x + 6y = 72 na 4x − 6y = −20. Jumlisha: 13x = 52, x = 4, na y = 6. Uhakiki ufanye kwenye milinganyo ya awali kabisa, ile yenye sehemu na mabano, la sivyo kosa la wakati wa kusafisha halitaonekana. 4/2 + 6/3 = 2 + 2 = 4, sawa. 2(4 − 1) = 6 na 3(6 − 4) = 6, sawa.

Jozi inayotisha bure

Ukikutana na hii usikimbilie KDS:

37x + 63y = 137
63x + 37y = 163

Namba zimebadilishana nafasi. Jumlisha milinganyo yote: 100x + 100y = 300, yaani x + y = 3. Kisha toa wa kwanza kutoka wa pili: 26x − 26y = 26, yaani x − y = 1. Sasa hata kwa kichwa unaona x = 2 na y = 1. Watunga mitihani wanaipenda jozi ya aina hii, na aliyezoea kutazama kabla ya kuandika huimaliza kwa mistari minne.

Nyingine ni ile yenye herufi chini ya mstari: 1/x + 1/y = 5/6 na 1/x − 1/y = 1/6. Hii si ya mstari, lakini ukiita 1/x kuwa u na 1/y kuwa v, inakuwa ya mstari. Jumlisha: 2u = 1, u = 1/2, na v = 1/3. Ukigeuza, x = 2 na y = 3. Usiishie kwenye u na v, maana hukuulizwa hizo.

Herufi zote mbili zikitoweka

Wakati mwingine unaondoa x na y inaondoka nayo. Usidhani umeharibu. Tazama kilichobaki.

2x + 3y = 6
4x + 6y = 15

Zidisha ya kwanza kwa −2 na ujumlishe: 0 = 3. Hilo ni uongo, na maana yake hakuna jozi yoyote inayoweza kutimiza masharti yote mawili. Wa kwanza unasema 4x + 6y ni 12, wa pili unasema ni 15.

Kama ule wa pili ungekuwa 4x + 6y = 12, ungebaki na 0 = 0. Hiyo ni kweli daima, maana milinganyo yako miwili ni mmoja uliovaa nguo mbili. Majibu hayana idadi, lakini hiyo haina maana kwamba jozi yoyote inafaa. Zinazofaa ni zile tu zinazotimiza y = (6 − 2x)/3, kama (0, 2), (3, 0) na (−3, 4). Andika hivyo kwenye jibu lako.

Unaweza kuigundua hali hii kabla ya kuanza. Zidisha kimshazari namba zilizo mbele ya herufi: 2 × 6 na 3 × 4. Zote ni 12. Zikiwa sawa, hakuna jibu la pekee. Zikitofautiana, lipo moja, na ni moja tu.

Grafu, kwa kifupi

Kila mlinganyo wa mstari ukichorwa unatoa mstari ulionyooka, na nukta mbili zinatosha kuuchora. Kwa x + y = 10, weka x = 0 upate (0, 10), kisha y = 0 upate (10, 0). Kwa x − y = 4 una (0, −4) na (4, 0). Mistari inakatana kwenye (7, 3), na hapo ndipo jibu. Mistari isiyokutana kamwe ndiyo ile 0 = 3, na mistari iliyolaliana ndiyo 0 = 0. Kwa kuelewa, grafu haina mpinzani. Kwa kupata jibu, haifai sana, kwani jibu likiwa 17/13 hakuna jicho litakalolisoma kwenye karatasi ya miraba.

Kanuni ya Cramer

Mwaka 1750 Gabriel Cramer wa Geneva alichapisha kanuni ya jumla inayotoa jibu bila kupitia hatua za kuondoa. Kwa herufi mbili ni fupi. Ikiwa ax + by = c na dx + ey = f, basi:

D = ae − bd
x = (ce − bf) ÷ D
y = (af − cd) ÷ D

Ijaribu kwenye 4x + 3y = 10 na 6x − 5y = 34. D = 4(−5) − 3(6) = −38. Juu ya x: 10(−5) − 3(34) = −152. Juu ya y: 4(34) − 10(6) = 76. Kwa hiyo x = 4 na y = −2, kama tulivyopata. D hii ndiyo ule mshazari uliotajwa juu: ikiwa 0, huwezi kugawanya, na kanuni inakwama pale pale panapokosekana jibu la pekee. Itumie namba zikiwa za desimali mbaya, au unapotengeneza fomula kwenye programu ya majedwali. Kwa hesabu ya mkono yenye namba nzima, njia ya kuondoa ni nyepesi zaidi.

Mafumbo ya maneno

Anayeweza kutatua jozi kumi mfululizo anaweza kukwama kwenye fumbo moja, maana hapo hakuna aliyemwandikia milinganyo. Anza kwa kuandika herufi inasimamia nini, kwa sentensi kamili na kipimo chake. Kuandika "x = boti" hakusemi kitu. Andika "b ni mwendo wa boti katika maji yaliyotulia, kilomita kwa saa".

Boti inakwenda kilomita 48 kwa saa 3 ikifuata mkondo wa mto, na inarudi umbali huo huo kwa saa 4. Mwendo wa mkondo ni m. Ikifuata mkondo, mwendo wake ni b + m, nao ni 48 ÷ 3 = 16. Ikirudi, b − m = 12. Jumlisha: 2b = 28, b = 14, m = 2.

Mafumbo ya umri yana mtego wake. Mama ana umri mara tatu wa mwanawe, na baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili wa mwanawe. Sasa m ni umri wa mama na t ni umri wa mtoto, kwa miaka. Sharti la kwanza: m = 3t. La pili wengi huandika m + 12 = 2t, wakimwachia mtoto umri uleule wakati mama anazeeka. Miaka inapita kwa wote: m + 12 = 2(t + 12). Weka badala: 3t + 12 = 2t + 24, t = 12, na mama ana miaka 36.

Kwenye maneno "mara tatu ya", ile 3 huwa inawekwa upande usiofaa. Jiulize nani mkubwa. Ukiandika 3m = t umesema mtoto amemzidi mama.

Namba ya tarakimu mbili: jumla ya tarakimu ni 11, na zikibadilishana nafasi namba inaongezeka kwa 27. Ikiwa a ni makumi na b ni mamoja, namba yenyewe ni 10a + b. Si ab, kwani hiyo ni a mara b. Basi 10b + a = 10a + b + 27, ambayo ukiisafisha inakuwa b − a = 3. Pamoja na a + b = 11, b = 7 na a = 4. Namba ni 47.

Mchanganyiko: unataka lita 20 za mmumunyo wa asidi wa asilimia 25, na ulio nao ni wa asilimia 15 na wa asilimia 40. Chukua x lita za kwanza na y za pili. Mlinganyo mmoja unahesabu lita zote, mwingine unahesabu asidi tupu:

x + y = 20
0.15x + 0.40y = 5

Ile 5 ni asilimia 25 ya 20. Zidisha wa pili kwa 20: 3x + 8y = 100. Weka x = 20 − y: 60 − 3y + 8y = 100, y = 8, x = 12. Jibu lina mantiki hata kabla ya kuhakiki: 25 iko karibu na 15 kuliko na 40, kwa hiyo lazima ule hafifu uwe mwingi. Katika mafumbo, hakiki kwa kurudi kwenye maneno yenyewe. Ukihakiki kwenye milinganyo uliyoitunga vibaya, itakukubalia.

Mazoezi

1. x + 2y = 1 na 3x − y = 17
2. 7x − 4y = 1 na 5x + 6y = 45
3. x/4 − y/3 = 1 na x/2 + y = 7
4. 6x − 9y = 12 na 10x − 15y = 20
5. 29x + 71y = 187 na 71x + 29y = 313

Majibu, kwa mpangilio wa (x, y): la kwanza (5, −2), la pili (3, 5), la tatu (8, 3), la tano (4, 1). La nne halina jozi moja: gawanya mlinganyo wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 5, uone kinachobaki.